Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Malezi ya Watafiti wa Sumu za Mazingira na Afya

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka 2025. Mhazini atasoma hesabu na Katibu ataeleza hali ya uanachama. Mimi nitajikita kwenye jambo ambalo Kamati ya Utendaji imelishughulikia kuliko jingine lolote mwaka huu, nalo ni namna tunavyowaandaa vijana wa shahada za uzamili na uzamivu, pamoja na wale waliokwisha kuhitimu uzamivu, kuwa watafiti wa sumu za mazingira na madhara yake kwa afya. Msimamo wa Kamati nautaja mapema ili mjadili mkiujua: tunawafundisha vijana kukusanya sampuli vizuri kuliko tunavyowafundisha kuzipima, na tunawaacha peke yao mara tu wanapovua joho la mahafali, wakati ambao ndio kwanza wangeanza kusimama kama watafiti kamili.

Uhitaji wa watu hawa hauna mjadala. Katikati ya mwaka 2016 wagonjwa wenye macho ya manjano, matumbo yaliyojaa maji na kutapika walianza kufika hospitalini katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka, nayo ilitoka kwenye mahindi yaliyohifadhiwa majumbani. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki dunia. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, majirani zetu wa mashariki mwa Kenya walipoteza watu 125 kwa sumu hiyo hiyo na kwa zao hilo hilo. Daktari aliyempokea mgonjwa wa kwanza alihitaji mtu wa kumwambia kwamba dalili zile zinaweza kutoka ghalani, na mtu huyo alipaswa kuijua ini, kuijua kemia, na kulijua ghala la mkulima wa Chemba au Kondoa. Mafunzo yetu ya uzamili bado yanamgawa mtu huyo vipande vitatu: kitivo cha tiba, kitivo cha sayansi na kitivo cha kilimo, na kila kitivo kina mtahini wake.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye zebaki, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi zaidi kasoro ninayoizungumzia. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki, akaukamua kwa kitambaa, kisha akalichoma donge lililobaki juu ya moto wa wazi hadi zebaki ipae na dhahabu ibaki. Anayechoma huvuta mvuke huo, na mara nyingi mkewe na watoto walio karibu huuvuta pia. Mwanafunzi anayetaka kupima kiasi kilichoingia mwilini hupenda kuchukua nywele, kwa kuwa ni rahisi kukata, haziozi na hazihitaji barafu. Lakini mvuke wa zebaki uliopitia mapafuni hupimwa kwenye mkojo. Zebaki ya kwenye nywele huakisi zaidi ile ya kikaboni, ambayo watu huipata kwa kula samaki, na katika mikoa ya Ziwa sangara, sato na dagaa ndivyo kitoweo cha kila siku. Zaidi ya hapo, mvuke unaweza kushika kwenye unywele kutoka nje bila kupita mwilini kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kurudi na majedwali mazuri yanayojibu swali ambalo hakuliuliza. Hata aliyechukua mkojo anapaswa kurekebisha matokeo kwa kriatinini, taka ya mwili inayotoka kwenye mkojo kwa kiasi kisichobadilika sana, kwani mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi si sawa na wa mtu aliyeshinda juani bila tone.

Haya ni mambo ambayo msimamizi humfundisha mwanafunzi wakiwa wamesimama pamoja mbele ya meza ya maabara. Yanapotea pale sampuli zinapofungwa kwenye sanduku la barafu, zikasafirishwa ng'ambo chini ya mkataba wa kuhamisha sampuli, na namba zikarudi kwa barua pepe miezi kadhaa baadaye. Kijana anaandika tasnifu safi, lakini hajawahi kuona namna kipimo kinavyokosewa. Ndivyo ilivyo pia kwa madini ya risasi kwenye damu: usipomwosha mtoto kidole kwa sabuni kabla ya kumchoma, vumbi lililo kwenye ngozi linaingia kwenye tone la damu, nawe unatangaza ugonjwa ambao haupo. Na kwa viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, kipimo cha kolinesterasi, kimeng'enya cha mwili ambacho sumu hizo hukidhoofisha, kwa mkulima wa nyanya au vitunguu hakisemi mengi kama hukumpima kabla ya msimu wa kupulizia, kwa sababu viwango vya kawaida hutofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Mashine za kupimia sampuli zipo, ingawa si za kutosha. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inazo, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inazo, na vyuo vyetu vikuu kadhaa vinazo. Tatizo ni kwamba fedha za miradi hununua mashine lakini mara chache hulipia gesi ya agoni inayoziendesha baadhi yake, vipuri, au fundi wa kuja kuirekebisha inapokufa, na mradi unapokwisha mashine hufunikwa kitambaa. Mwaka huu Kamati ilizungumza na wakuu wa maabara kuhusu kutenga muda wa mashine kwa wanafunzi wa vyuo visivyokuwa nazo, kwa sharti kwamba mwanafunzi aje mwenyewe, aandae sampuli zake mwenyewe na akae na mtaalamu hadi matokeo yatoke. Wamepokea wazo hilo kwa moyo mkunjufu, nami ninawashukuru. Kilichobaki ni nani atalipia kemikali, na jibu la swali hilo nitalileta kwenu mwishoni mwa taarifa hii.

Sasa niseme kuhusu miaka inayofuata uzamivu. Katika vyuo vyetu vingi, aliyehitimu uzamivu hurudi kwenye madarasa yenye mamia ya wanafunzi na marundo ya mitihani ya kusahihisha. Hakuna nafasi ya mtafiti wa baada ya uzamivu yenye mshahara, muda na msimamizi. Wenye bahati huenda nje. Marekani imejenga utaratibu unaofaa kutazamwa: vyuo hupewa ruzuku ya mafunzo ambayo haifungwi kwenye mradi wa profesa mmoja, hivyo kijana wa uzamivu au wa baada ya uzamivu huchagua msimamizi na swali lake, na huzunguka kati ya wakemia, matabibu na wataalamu wa takwimu. Taasisi yao ya Sayansi za Afya ya Mazingira, iliyoko North Carolina, imesomesha watu wengi katika fani yetu kwa njia hiyo. Lakini ruzuku hizo ni za raia na wakazi wa kudumu wa nchi ile. Kijana wetu aliyeko huko hulipwa kutoka kwenye mradi wa profesa, na kwa hiyo hutafiti swali la profesa. Anarudi akiwa bingwa wa jambo ambalo huenda halipo Kahama wala Mererani. Simlaumu yeye wala profesa wake. Ninachosema ni kwamba aliyelipia utafiti ndiye anayechagua sumu itakayotafitiwa.

Na hata mlango huo umekuwa mwembamba. Mwezi Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha utoaji wa ruzuku mpya zinazopitia chuo cha Marekani kwenda kwa mshirika aliye nje, hadi utaratibu mwingine uwekwe. Miradi mingi ya ushirikiano katika ukanda wetu ilijengwa kwa mfumo huo, na wanaoguswa kwanza ni vijana ambao posho zao zilikuwa ndani ya mikataba hiyo. Baadhi yao ni wanachama wenzetu, nao wamo ukumbini leo. Ninawaomba wasimamizi wasimwache mwanafunzi yeyote njiani kwa sababu ya fedha ambazo si yeye aliyezikosesha.

Kuna upande mwingine wa malezi ambao tumeuanza mwaka huu na ambao mimi binafsi nauthamini sana, nao ni wajibu kwa watu tunaowachukua damu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda mahakamani wakiongozwa na mwanaharakati wa mazingira Phyllis Omido. Mwaka 2020 walishinda fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha hukumu hiyo baada ya kutenguliwa katika rufaa. Katika shauri la namna hiyo vipimo vya damu na udongo hugeuka kuwa ushahidi. Mwanafunzi wetu anapaswa kujua kwamba kitabu chake cha maabara kinaweza kuombwa na hakimu, na kwamba sampuli isiyo na kumbukumbu ya nani aliishika na lini haimsaidii mama aliyeitoa. Kwa sababu hiyo tumewataka wanachama vijana wote waandike matokeo yao kwa Kiswahili katika kurasa mbili na kuyarudisha kijijini kabla ya kuyapeleka kwenye majarida. Waliokwisha kufanya hivyo wanasimulia kwamba maswali ya wanakijiji yalikuwa makali kuliko ya watahini. Huko Arumeru, kwa mfano, kina mama walitaka kujua kama waache maji ya kisima peke yake au na magadi ya kupikia maharage, kwa kuwa floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, imo katika vyote viwili.

Kamati inaleta kwenu mapendekezo ya kupigiwa kura. Kwanza, sehemu ya ada ya kila mwanachama itengwe kuwa mfuko wa kemikali na vifaa vya maabara kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na mfuko huo usitumike kwa safari wala posho za vikao. Pili, chama kiandike rasmi kwa wizara zinazohusika na elimu na afya, na kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuomba cheo cha mtafiti wa baada ya uzamivu kitambuliwe katika muundo wa utumishi wa vyuo na taasisi za utafiti. Tatu, kila mwanachama mwenye uzoefu akubali kumsimamia kijana mmoja wa chuo kisicho chake. Pendekezo hili la tatu halina gharama ya fedha, na ndilo lililopingwa zaidi ndani ya Kamati kwa hoja ya muda. Naliunga mkono kwa nguvu zangu zote.

Ninawashukuru wajumbe wa Kamati, wakuu wa maabara, na wazee wetu wastaafu ambao bado wanasoma tasnifu za vijana bila malipo.

Naomba kuwasilisha.