Hesabu ya nje ya ukuta

Kinyerezi, Dar es Salaam
11 Februari 2025

Mpenzi Mama Farida,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Farida na kwa watoto wote. Sisi wazima, ila joto la Februari halituachi tulale. Nasikia huko Tabora mvua bado zinanyesha, nawaonea wivu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha tupu, maana nakumbuka vyumba vyote ulivyopanga tangu tukiwa chuoni, na yule mwenye nyumba aliyekuhamisha ukiwa na mimba ya Farida. Leo una kiwanja huku Dar, kule Goba, na ramani ya vyumba vitatu. Namshukuru Mungu kwa ajili yako. Mara ya pili niliisoma kalamu mkononi, hasa ule ukurasa wa mahesabu. Tofali umeziweka, nondo, saruji, kokoto, mbao, mabati, hata chai ya vibarua umeihesabu. Lakini hesabu yote inaishia kwenye ukuta. Toka nje ya geti, hamna kitu ila 27,000 ya umeme. Yangu nayo karibu yote iliishia hapohapo, na iliniumiza. Ndiyo maana sikungoja: Jumapili nilipotoka kanisani nilipanda bodaboda moja kwa moja hadi Goba.

Kiwanja ni kizuri, dada. Kiko kwenye mwinuko na udongo wake ni mgumu. Nilimkuta mdogo wako Juma, tukapima kwa hatua. Kutoka nguzo ya mwisho yenye waya hadi kwenye kona yako ni kama mita 95. Kwenye orodha yako umeandika umeme 27,000. Najua ulikoipata, kwa sababu hata mimi niliiandika hivyo kwenye daftari langu mwaka 2021, ilipotangazwa kwamba kila mtu ataunganishwa kwa bei hiyo. Januari 2022 bei za mjini zilirudi za zamani, na 27,000 ikabaki ya vijijini. Umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa majumbani, ukiwa ndani ya mita 30 bila nguzo, ni 320,960. Ukihitaji nguzo moja, hadi mita 70, ni 515,618. Nguzo mbili, hadi mita 120, ni 696,670. Mimi niliangukia hiyo ya katikati. Wewe, kwa hatua zetu, uko kwenye ya tatu. Mpimaji wa shirika la umeme, TANESCO, ndiye atakayesema neno la mwisho, na huenda bei ikawa imebadilika siku utakayoomba, kwa hiyo usilipe kabla ya kupata namba ya malipo yenye jina lako. Hapo sijagusa nyaya za ndani ya nyumba, ambazo lazima zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, la sivyo fomu yako haitapokelewa.

Kuna jirani yako wa upande wa chini, mzee mmoja mpole, naye hajaunganishiwa umeme. Juma azungumze naye. Mkiomba pamoja, huenda nguzo zikapangwa kwa kuwaangalia nyote wawili.

Maji ndiyo yaliyonipa mawazo zaidi. Huyo mzee alituonyesha bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, linapopita: ni ng'ambo ya barabara. Leo barabara hiyo ni ya vumbi, lakini wajumbe wa mtaa wanasema imo kwenye mpango wa lami. Sikiliza vizuri hapa, Mama Farida, maana hapa ndipo pesa zangu zilipopotea. Kwetu lami ilifika mwezi wa sita, mimi nikaomba maji mwezi wa tisa, na bomba liko upande wa pili. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini walioanza kazi mwaka 2017, na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala mwingine, TANROADS. Huwezi kuamka tu na jembe ukakata barabara ya yeyote kati ya hao. Unaomba kibali, unakadiriwa gharama ya kuirudishia kama ilivyokuwa, unalipa kwanza, ndipo unachimba. Mimi fundi bomba aliniambia tukate usiku, asubuhi tufukie. Nilikataa, na mpaka leo nashukuru nilikataa, kwa sababu mtaa wa pili kuna aliyekubali na alilipa faini juu ya gharama. Lakini kwa kufuata njia iliyo sahihi, kuanzia mabomba, dira ya maji, kuchimba hadi kurudishia lami, maji yalinigharimu 1,240,000. Kwenye daftari nilikuwa nimetenga laki tatu.

Wewe bado una nafasi ambayo mimi sikuwa nayo. Kabla lami haijaja, omba kibali barabara ikiwa bado ya vumbi, mlaze bomba kubwa tupu chini yake, kina cha kutosha malori yasilivunje, mzibe ncha zote mbili na kuweka alama. Siku ukiwa tayari kwa maji, bomba lako dogo litapita humo ndani bila mtu kugusa lami. Hata kama nyumba utaijenga kwa miaka mitatu, hilo lifanyike mwaka huu. Mweleze mpimaji wa DAWASA akija, akuambie upana wa bomba unaofaa na mahali pa kuliweka.

Sasa nikueleze habari ya kalavati, kile kivuko cha juu ya mtaro, nayo ni ngumu kwangu kuiandika. Mbele ya geti letu unapita mtaro wa maji ya mvua. Ili gari la tofali liingie tulihitaji kivuko. Fundi akasema laki tatu na nusu zinatosha: akaweka bomba moja jembamba, akajaza kifusi, akamwaga zege juu. Sikumuuliza mtu yeyote wa barabara wala wa mtaa. Niliona ni geti langu, basi ni shauri langu. Masika ya 2023 yakaja. Maji yalipofika kwenye lile bomba yakakosa pa kupita, yakarudi nyuma, yakavuka ukingo na kuingia kwa mama mjane tunayepakana naye. Aliamka saa tisa usiku magodoro yanaelea. Wajukuu wake wawili walikuwa wamelala chini. Hawakudhurika, Mungu ni mwema, lakini unga, nguo na madaftari ya shule vyote viliharibika. Nilikwenda kwake asubuhi nikashindwa kusema. Yeye ndiye aliyenishika mkono.

Kalavati lile tulilivunja wiki hiyohiyo. Nilikwenda ofisini kama nilivyotakiwa kwenda mwanzo, akaja mhandisi, akaangalia mteremko na maji yanakotoka, akatoa kipimo cha upana na kimo. La pili lilikula laki tisa. Ukijumlisha yote, ya kwanza na ya pili, maji na umeme, nje ya ukuta wangu zilitoka zaidi ya milioni tatu, na karibu zote hazikuwa zimepangwa. Ndiyo sababu uliponitembelea ulikuta sebule haina dari.

Kiwanja chako nacho kina mtaro, upande wa geti kwenye ramani. Goba ni vilima na makorongo, maji yanashuka kwa kasi. Tafadhali usiruhusu gari la kwanza la mchanga liingie kabla kivuko hakijapata kipimo cha mhandisi. Na chini yako anakaa yule mzee.

Karo la choo na shimo la maji taka sitayaeleza sana. Bomba la maji taka la mji halijafika huko, kama sehemu kubwa ya jiji hili, kwa hiyo shimo halikwepeki, na mahali pake paonekane kwenye michoro ya kibali cha ujenzi. Ila naona fundi michoro ameliweka nyuma ya nyumba kabisa. Gari la kunyonya likija halitafika, na mpira hautoshi kuzunguka vyumba vitatu. Mwambie alilete upande wa geti kabla ramani haijapelekwa manispaa.

Kitu kingine Juma alichoniambia ni kwamba mnataka kusogeza ukuta mbele kidogo, mpate nafasi ya maua. Msifanye hivyo. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inachukua mita 30 kila upande kutoka katikati. Yako si ya aina hiyo, ya mtaa hifadhi yake ni ndogo na imo kwenye ramani ya mipango miji. Lakini ni hifadhi, na lami ikija ukuta uliotoka nje ya mstari huwekewa alama ya X na kubomolewa bila fidia. Fuateni vigingi vya mpimaji.

Umesema una milioni 28 za kufikisha nyumba kwenye kupaua. Ombi langu ni hili: toa milioni nne sasa hivi, kabla ya shimo la msingi, uziweke kwenye akaunti nyingine ambayo Juma hana namba yake ya siri. Najua ni kupunguza tofali, na pengine chumba cha tatu kitasubiri. Hata hivyo nyumba ya vyumba viwili yenye maji na taa, na gari linaloingia bila kumfurika jirani, utahamia. Ile nyingine utakuwa unaipitia Jumapili kuiangalia, kama nilivyofanya mimi miezi kumi na moja huku nalipa kodi Tabata.

Nimepanga na Juma twende ofisi ya mtaa Jumatatu tukaulize ratiba ya lami, kisha tupeleke ombi la mpimaji wa maji. Kivuko kiwahi kabla ya katikati ya Machi, masika hayangoji. Nitumie nakala ya hati na ile michoro ikisharekebishwa, mtume dereva wa basi unayemwamini. Na ukija likizo ya Pasaka usipange hoteli, chumba cha Kelvin kiko wazi, yeye yuko bweni.

Ramadhani inakaribia, nawatakia mfungo mwema wote nyumbani.

Mwenzako,
Mama Kelvin