Kisanduku kisicho na jina la mahali

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita ilituita sisi wasafiri wa ndege wabahili, kwa kuwa tukiombwa kuongeza pesa kidogo za kufidia hewa ukaa ya safari, wengi tunakataa. Mimi ni mmoja wa waliokataa. Mwezi wa nne nilikuwa nakata tiketi mtandaoni, naenda Amsterdam kumtazama dada yangu aliyejifungua. Baada ya kuulizwa kiti, begi na bima, kikaja kisanduku: ongeza dola kadhaa, miti ipandwe. Nikakipita kama nilivyoipita bima.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ni mtu wa Gazi, Kwale, pwani ya Kenya. Pale kwetu vitabu vya shule na maji vimegharimiwa kwa pesa za aina hiyohiyo. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wetu na wenzetu wa Makongeni, unawauzia wanaotaka kufidia uchafuzi wao hewa ukaa inayotunzwa na hekta 117 za mikoko, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Msitu huohuo ulifyekwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Nimeshika matope yake, najua kazi ya kupanda mche mmoja kabla maji hayajajaa.

Basi mbona nikakataa? Kile kisanduku kilisema "miti" tu. Miti gani, mililana ya mikokoni au mikaratusi? Iko wapi, na nani ataihesabu mwaka ujao? Ubahili haupo hapa, bwana Mhariri. Simu zetu zimejaa vikundi vya michango ya harusi na matanga, na tunatoa. Tunamjua mweka hazina, na kila aliyetoa jina lake linaorodheshwa, hata akitoa shilingi hamsini.

Mashirika ya ndege nayo yametuvunja moyo. easyJet ya Uingereza ilianza Novemba 2019 kufidia safari zake zote, mwishoni mwa 2022 ikaacha. Machi 2024 mahakama ya Amsterdam ikaamua kwamba matangazo ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, yalipotosha wateja, pamoja na yale yaliyosifia mno upandaji wa miti. Msafiri aliyesikia hayo akifumba mkono, nani wa kumlaumu?

Wasiniambie safari yangu imefutika. Mkoko huchukua miaka kukua, mafuta ya ndege huungua usiku mmoja. Waseme kwamba nachangia, wataje kijiji, kisha wanitumie risiti yenye jina la mradi na kiasi kilichofika kule baada ya mawakala kukata chao. Hicho cha mawakala ndicho ningependa kukiona kwanza.

Desemba nasafiri tena, mtoto atakuwa anakaa. Nitakitazama kisanduku kile, na kikiwa na jina la mahali, nitalipa.

Mzaliwa wa Gazi,
Kwale