Vijiji vinne ni vingi mno

Ndugu yangu Baba Debora,

Shalom. Hamjambo huko Kasuku? Mama Debora na watoto je? Baridi ya Nyandarua imelegea au bado mnalala na makoti? Barua yako, ya kuniuliza uanzie wapi kuwafundisha Wayahudi wenzetu wa upande wa Mbale, Uganda, kusoma gombo la Torati kwa Kiebrania, ilinifikia kabla ya sikukuu ya Purimu na nimekaa kimya muda wote huu, najua. Usinune, nakuomba. Mzee wetu ndiye aliyenichokonoa: amesema ratiba umeshaipanga na tiketi umeshaulizia, nikaona nikichelewa tena nitakuandikia wakati uko njiani.

Basi ratiba nimeisoma. Siku kumi na mbili, vijiji vinne: Nabugoye, Namanyonyi, Nasenyi, Namutumba. Baba Debora, hiyo ni kampeni ya ubunge. Na rabi aliyewahi kuwa mbunge Mbale wanaye tayari, hawahitaji wa pili. Piga hesabu mwenyewe. Toa Shabati mbili, yaani Jumamosi za mapumziko, ambazo hutaandika chochote wala kupanda bodaboda. Toa Ijumaa mbili, kwa kuwa baada ya saa sita mchana kila mtu anapika na kuoga. Toa siku tatu za kuhama na kusalimiana, maana kule hakuna kuingia nyumba ya mtu ukatoka bila chai. Zinabaki tano kwa vijiji vinne. Siku moja na kitu inatosha wimbo wa alefu-beti, alfabeti ya Kiebrania, na picha ya pamoja, basi.

Ninavyoona mimi, chagua viwili. Uende na shabaha moja tu: ukiondoka, kila kijiji kiwe na watu wawili wanaoweza kuandaa somo la Torati la Jumatatu peke yao, bila wewe na bila simu yako. Nimesema la Jumatatu makusudi. La Shabati lina aliya saba, yaani zamu za kuitwa kusoma, na ni refu, litawavunja moyo. La Jumatatu na Alhamisi linahitaji watu watatu, kila mmoja mistari isiyopungua mitatu, jumla isipungue kumi. Mwanafunzi anayeshika herufi vizuri anaweza kuimudu mistari mitatu kwa wiki moja. Ila kumbuka masharti: wawepo kumi wa minyani, yaani idadi ya kutosha ibada ya pamoja, na gombo liwe halali. Kusipokuwa na gombo, au likiwa na herufi zilizopasuka, wasome kutoka kitabu cha kawaida na baraka za aliya ziachwe. Usiwaonee haya ukawaachia wabariki tu. Ukiruhusu mara moja, atakayekuja baada yako atagombana nao.

Sasa kuhusu namna ya kufundisha, kwa sababu umeuliza "nianzie wapi" nami naona umeshaanza kukata kadi.

Kadi ni sawa. Herufi 22 na zile tano za mwishoni, 27 jumla, manila ngumu, maka peni nyeusi nene, kila herufi urefu wa kiganja. Ila usizipange kwa mfuatano wa alfabeti. Wengi wanaijua kwa wimbo, na wimbo unaficha ujinga: mtoto ataimba hadi tavu, umwonyeshe kafu aseme beti. Zipange kwa mapacha wanaogombana: beti na kafu, daleti na reshi, he na heti, vavu na zayini, gimeli na nuni, sameki na memu ya mwisho. Daleti na reshi zipe muda zaidi. Chora kona kubwa ubaoni: daleti ina pembe kali na kisigino kinachotokeza nyuma, reshi imepinda kama mgongo wa jembe. Kisha wafungulie Shema, ule mstari wa "Sikia, Israeli", uwaonyeshe daleti ya neno ehad, "mmoja", ilivyoandikwa kubwa kuliko wenzake. Wakiisoma kama reshi inakuwa aher, yaani "mwingine", na hapo "Bwana ni mmoja" imegeuka jambo ambalo hata kulitamka sitaki. Halafu wapeleke Kutoka 34:14, waone reshi kubwa ya aher, pale tunapokatazwa kusujudia mungu mwingine. Mwanafunzi akiziona hizo mbili siku moja hazisahau.

Ubaoni usiandike Jina takatifu la Mungu. Utafuta na nini? Andika he na alama ya mkato juu, inatosha. Na karatasi za fotokopi zenye Jina zihesabu: ulizogawa asubuhi uzikusanye jioni, uziweke kwenye gunia safi la kuzikwa baadaye. Ukiziacha zisambae, baada ya wiki utakuta mandazi yamefungwa humo, na hutakuwa na wa kumlaumu ila mwenyewe.

Sasa nije kwenye lile linaloninyima raha, na ndilo hasa lililonifanya nikae nikaandika. Mkazo.

Sisi Waswahili, na Wabantu wengi tu, ulimi wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kitábu, mwalímu, tunaénda. Hatuulizi, unakuja wenyewe. Kiebrania mara nyingi kinakaa mwishoni kabisa, na pale kinaposogea kinasogea kwa sababu. Chukua veahavta ya Kumbukumbu la Torati 6:5. Mkazo ukiwa kwenye ta ya mwisho, ni "nawe utampenda", ni amri. Ukiurudisha kwenye hav, kama ulimi wetu unavyotaka, ni "nawe ulipenda", habari za jana. Watu wanasimama na kufunika macho, kisha wanaanza kusimulia mapenzi yaliyopita! Vivyo hivyo Raheli katika Mwanzo 29: mstari wa 6 neno baa lina mkazo mwishoni, yuaja, mstari wa 9 lina mkazo mwanzoni, amekwisha kufika. Herufi ni zilezile, irabu ni zilezile.

Dawa yake ni makofi. Soma neno polepole, kila silabi kidole mezani, silabi ya mkazo kofi. Fanya hivyo kabla hujaimba chochote, maana wimbo ukishaingia na mkazo mbovu hautoki. Halafu waambie zile alama za kuimbia, taamimu, mara nyingi zinakaa palepale penye mkazo, kwa hiyo mwanafunzi akizijua anajua pa kupiga kofi. Zipo chache zinazokaa mwanzoni au mwishoni mwa neno hata kama mkazo hauko hapo, telisha kwa mfano, lakini hizo ziache kwanza. Anza na merka, tipka, munaki, etnahta, na sofu pasuki. Kwa hizo tano tu mtu anasoma mistari mifupi mingi.

Ndugu wa mkazo ni irabu za kubandika. Sisi hatupendi neno liishie na konsonanti, tunalipa mkia: Shabati, Purimu, hata mimi hapa juu nimeandika sameki na gimeli bila aibu. Kwa barua ya Kiswahili hakuna neno. Kwenye gombo ni balaa, kwa kuwa mkia wa i kwa Kiebrania maana yake ni "yangu". Av ni baba, avi ni baba yangu. Shir ni wimbo, shiri ni wimbo wangu. Na ukibandika o, shiro, ni wimbo wake. Kwa hiyo msomaji anayesindikiza kila neno kwa ki-i kidogo anajimilikisha nusu ya Torati. Mfundishe afunge mdomo mwisho wa neno, kihalisi, midomo ikutane au ulimi ugande.

Na lamedi na reshi! Wanaozungumza Luganda hawana r mwanzoni mwa neno, kwa hiyo rav, mwalimu mkuu, inatoka lav, yaani "hapana". Watakukaribisha kwa heshima zote wakikuita Bwana Hapana. Usicheke, kwa sababu sisi wa upande wa Nyandarua tunafanya kinyume, kila lamedi tunaigeuza reshi, na ukiwa mbele yao utawarudishia deni. Jisikilize kwanza. Sisemi zaidi.

Kuhusu tikuni, kile kitabu cha mazoezi ya kusoma Torati, uliyoazima kwa Baba Sara: itumie hivi. Upande wenye irabu mtu asome mstari mmoja mara kumi. Afunike, asome upande mtupu ulio kama gombo. Akikwama arudi. Mistari mitatu ikikamilika ndipo asogee. Kuna mtego: wanakariri kwa sikio. Ukiwatumia sauti kwa simu, na ni vizuri utume, mstari mmoja kwa ujumbe mmoja, watajifunza haraka mno, wiki moja mtu anatiririka kama maji. Mpeleke kwenye gombo, ameze mate. Alikuwa anaimba, hakuwa anasoma. Kipimo chake ni rahisi: mwambie aanzie neno la tano la mstari. Msomaji ataanza. Mkariri atarudi mwanzo wa mstari kimoyomoyo ndipo afike hapo, utaona midomo ikicheza.

Na anayesahihisha asimame karibu, aseme kwa sauti ya chini, arudishe makosa yanayobadili maana tu. Ukimrudisha mtu kwa kila tuni, Alhamisi hatakuja.

Kitu kingine, na hiki wageni wengi wanakosea: nyimbo zao za zaburi usiziguse. Jumuiya ile ilianza na Semei Kakungulu mwaka 1919, ikapita enzi za Amin walipokatazwa ibada zao, na nyimbo zimezaliwa humo. Umekwenda kufundisha kusoma, tuni ya Lekha Dodi, wimbo wa kukaribisha Shabati, hujaulizwa.

Watoto wakiletwa sitini chumba kimoja, kataa kwa upole. Hata Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, imeweka kiwango: 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 apewe msaidizi, 50 walimu wawili. Tafuta kijana mmoja anayejua, umpe nusu. Mkalimani naye apewe kifungu usiku wa kuamkia somo, la sivyo atatafsiri kwa kubahatisha. Usitegemee Kiswahili vijijini kule, watakusikiliza kwa adabu tu. Watu wa kijiji cha Putti nao, kama utafika kusalimia, ni Wayahudi wa Kiorthodoksi, washika desturi za zamani. Nabugoye wanawake wanasoma gombo, Putti hawasomi. Uliza kabla ya kumwita mtu aliya.

Kalenda ya New York ya saa za Shabati iache nyumbani. Kule Juni jua linazama saa 2:30 usiku na Desemba saa 10:30 jioni. Mbale mwaka mzima ni kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni. Mishumaa ya Shabati iwashwe dakika 18 kabla, na ukishaona jua limeshuka ujue giza halikawii. Ukikutana na mwalimu aliyetoka Israeli baada ya Pasaka, linganisheni parasha, kifungu cha Torati cha wiki, kwanza: mwaka siku ya nane ya Pasaka ikiangukia Shabati, kama 2022, wao wanatangulia kwa parasha moja, wiki kadhaa mfululizo, na mtafundisha vifungu viwili tofauti mkidhani mwenzio kachanganyikiwa.

Maharage watakuuliza, Pasaka iko mlangoni. Usiende na marufuku ya Waashkenazi, Wayahudi wa asili ya Ulaya wasiokula kunde wakati wa Pasaka, ukawapa watu ambao chakula chao ni posho na maharage. Wakonsavativu, tawi la Kiyahudi lisilo kali kama la Waorthodoksi, wameruhusu jamii ya kunde na mchele tangu 2015, na Wasefaradi wengi, Wayahudi wa asili ya Uhispania, hawakuacha kamwe. Putti waulize rabi wao. Wachambue tu punje kwa punje kabla ya sikukuu. Wewe mwenyewe beba sufuria yako moja, kisu na bilauri ya kuvunjia mayai uangalie damu; nyama subiri mchinjaji wao.

Njiani: Nakuru, Eldoret, Malaba, Tororo, Mbale. Kitambulisho kinatosha mpakani. Fika Alhamisi, si Ijumaa. Na ukiombwa usindikize gombo kutoka kijiji kimoja hadi kingine, likae mapajani, si kwenye buti, wala usilifunge nailoni kwa kuogopa mvua, maana jasho linabaki ndani na wino unaachia ngozi. Shuka la pamba, basi.

Narudi kwenye vijiji vinne. Najua utaniambia waliosahaulika ndio wanaohitaji zaidi, na Namutumba ni mbali, na mfalme Yehoshafati alituma watu wazungukie miji yote ya Yuda na kitabu mkononi. Ni kweli. Lakini hesabu kwenye Mambo ya Nyakati wa Pili 17: wakuu watano, Walawi tisa, makuhani wawili. Watu kumi na sita! Wewe uko peke yako na begi moja. Nabugoye wana rabi na sinagogi kubwa, hawatakosa kusoma usipofika. Ningeikata hiyo kwanza, ulale usiku mmoja tu kwa heshima. Kisha Namutumba na kimojawapo kati ya vile viwili...

Hebu nijibu: nani anakupokea Namutumba, na amethibitisha au amesema tu "karibu"? Gombo lao lina hali gani, kuna aliyelikagua karibuni? Minyani inatimia Jumatatu au ni siku ya soko? Umepata mkalimani? Mzee wetu anajua unataka kulala sehemu nne? Na tikuni ya Baba Sara, umemwambia kwamba inavuka mpaka? Nijibu kabla ya Alhamisi, tiketi isije ikakatwa.

Nisalimie Mama Debora.

Mimi nduguyo,
Baba Naomi