Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Abiria wa Treni ya Kampala–Namanve

Ndugu wanachama, hamjambo.

Naanza na swali mnaloniuliza kila mnaponikuta kituoni Kireka: kwa nini treni yetu husimama mahali pasipo stesheni, tukabaki kutazamana tu? Nilimwendea mwenzetu mmoja, mstaafu wa enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, ambaye Kiswahili chake ni kile cha karakana. Akachora mstari vumbini kwa fimbo. "Njia ni moja hii. Ya mizigo inatoka Malaba mpakani, yako inatoka Kampala. Zitapishana wapi?" Kumbe! Tangu reli ifike Kampala mwaka 1931, kupishana ni penye njia ya pili tu, na mmoja lazima amngoje mwenzake. Kwa hiyo tuache kuapa kwamba dereva amelala.

Kungoja tumezoea. Kungoja bila kuambiwa, hapana. Msimu wa mvua tulikaa kituo cha Namboole zaidi ya saa nzima. Mama mmoja alikuwa na kapu la nyanya kichwani, chini tope tupu, hana pa kulitua. Hakuna aliyetuambia kama treni imekwama au haiji. Alipokata tamaa akafuata teksi barabarani, honi ya treni ikalia. Nimepeleka barua mbili kwa wahusika kuomba kibanda na ubao wa matangazo. Ya kwanza ilipotea. Ya pili imegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake nimeitunza kama cheti cha ndoa.

Wanachama wapya, msishangae wazee wakiulizana kila asubuhi, "Leo ipo?" Treni hii ilianza Desemba 2015, ikakatika, ikarudi 2018, kisha 2023 ikasimamishwa njia ikarabatiwe, ikarudi tena. Mazoea hayo hayatoki haraka.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ada wengi hamjalipa, na mnajijua.

Limebaki suala la kupanda. Ngazi ya behewa iko juu mno pale ambapo hakuna jukwaa. Wazee wetu huvutwa mkono kama magunia, na mwenye mimba ndiyo usiseme. Tumekubaliana kutengeneza vipago vya mbao, yaani vidaraja vya kukanyagia. Seremala tunaye, mbao zimeahidiwa. Barua ya tatu, ya kuomba ruhusa ya kuviweka kando ya reli, nitaipeleka Jumatatu kwa mkono wangu, na sitaondoka dirishani bila jina la aliyeipokea.