Redio ya mwanajeshi iwe na siri ambayo mtu hawezi kuisahau

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa redio hapa Nakuru, kazi yangu kubwa ni zile woki-toki za masoja wa geti na za mashamba ya maua huko Naivasha, na wateja huniuliza sana, fundi, hii kitu iko na siri ama mtu yeyote anaweza kunisikia? Mara nyingi jibu ni ndio, anakusikia. Lakini leo sitaki kuongea juu ya soja wa geti, nataka kuongea juu ya wanajeshi wetu, kwa sababu jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011 na kuna nyumba nyingi hapa Lanet, Molo mpaka Kakamega zimetoa watoto, na serikali ikinunua vifaa sisi tunabishana tu juu ya bei, hakuna anayeuliza kama huyo kijana ataweza kukitumia usiku akiwa amelala chini na risasi zinapita.

Kwanza ile ya rahisi. Kwa menyu ya redio nyingi za bei ya chini kuna kitu inaitwa skramba. Ukiwasha, sauti inapinduliwa, ile nyembamba inakuwa nzito na nzito inakuwa nyembamba, mwenye redio ya kawaida anasikia kama bata anabishana. Mteja anafurahi sana. Mimi huchukua redio ingine hapo mezani, nawasha skramba hiyo hiyo, na maneno yanatoka safi kabisa mwenyewe akisikia. Hapo hakuna funguo, yaani namba ya siri inayojulikana na redio zenu peke yake, sauti imegeuzwa tu na yeyote anaigeuza tena. Mtu asidanganye nchi ati hiyo ni usalama.

Siri ya kweli, sauti inageuzwa kuwa namba, sufuri na moja, halafu zinachanganywa na namba zingine zinazotengenezwa na funguo, na kama huna funguo unasikia mvumo tu kama wa redio haijashika stesheni. Mwaka 1943 Wamarekani walikuwa na mtambo wa aina hiyo wa kuongea kati ya Washington na London, unaitwa SIGSALY, ulikuwa na uzito wa tani zaidi ya 50, na leo hiyo kazi inafanywa na chipu ndani ya redio unashika kwa mkono mmoja. Kwa hivyo shida ya mashine ilishaisha kitambo. Shida iliyobaki ni mtu.

Angalieni Vietnam. Marekani walipeleka kifaa cha siri kinaitwa KY-38, mwanajeshi anakibeba mgongoni pamoja na redio yake, vyote pamoja zaidi ya kilo 20, na kwa hilo jua kinachemka, na ukibonyeza uongee lazima ungoje kidogo kishike ndio uanze. Sasa nani atabeba hiyo, na ni ama hiyo ama maji na risasi? Wengi walikiacha kambini wakaongea wazi wakifikiria adui hajui Kiingereza. Desemba 1969 Wamarekani wakakamata kikosi cha kusikiliza redio cha Vietcong, hao adui zao, na kwa madaftari ya hicho kikosi wakakuta mazungumzo ya Wamarekani wenyewe yameandikwa vile yalivyosemwa. Na hakuna mtu alikuwa amevunja hiyo mashine, ilikuwa imeachwa kambini.

Na msiseme hiyo ni ya zamani. Mwaka 2011 Matt Blaze na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walisikiliza redio za dijitali za maafisa wa serikali ya Marekani, redio za pesa nyingi zenye siri ndani, na wakasikia mambo mazito yakipita wazi kila siku. Swichi ni ndogo, alama yake haieleweki, na mbaya zaidi mmoja akiwa wazi na wenzake wako kwa siri bado wanasikizana vizuri tu, kwa hivyo hakuna anayemwambia ndugu, umeacha mlango wazi. Hii ndio inaniuma zaidi, kwa sababu mtu anaongea akijua amefichwa na kumbe hajafichwa.

Halafu kuna hawa wauzaji wanaosema hesabu yao ya kuchanganya hizo namba ni siri ya kampuni, niamini tu. Mwaka 2023 watafiti wa Midnight Blue kule Uholanzi walifungua redio za TETRA, aina ya redio za dijitali zinazotumiwa na polisi wa nchi nyingi, wakapata ile hesabu inaitwa TEA1 inatangaza funguo ya biti 80, yaani sufuri na moja 80, lakini ndani imepunguzwa mpaka 32, laptopu ya kawaida inaipata kwa chini ya dakika moja, na ilikuwa imefichwa tangu miaka ya 1990. Wenye kununua waitishe hesabu inaitwa AES, hiyo iko wazi kwa kila mtu kuisoma tangu 2001, wataalamu wa dunia nzima wameipiga na bado imesimama. Muuzaji akikataa kuonyesha hesabu yake, tenda yake irudishwe.

Najua kuna wenye watasema tukificha redio polisi nao watataka, na wakifanya mabaya hakuna atakayesikia. Hiyo hofu ni ya haki kabisa. Basi mazungumzo ya polisi yarekodiwe kwa kontroli, ile ofisi ya polisi ya kuongoza redio, na IPOA, wale wa kuchunguza makosa ya polisi, wapewe wakiitisha, kwa sababu mwizi akisikia pia hilo halimsaidii mwananchi.

Ninachoomba kamati ya bunge ya ulinzi iulize kabla sahihi haijawekwa ni hivi: redio ikiwashwa iwe tayari iko kwa siri, na kuongea wazi ndio iwe kazi ngumu, inapiga mlio mpaka mwenyewe achoke. Ikipotea ama mwenyewe akianguka, funguo za wenzake zibadilishwe kupitia hewani bila kurudi kambini, na kuwe na kitufe kimoja cha kufuta funguo ambacho mtu aliyeumia anakifikia kwa kidole gumba. Halafu wasipewe majenerali waijaribu ofisini. Wapewe makoplo, usiku, wakikimbia na mzigo, wiki kadhaa, na wale wataizima wasiadhibiwe, waulizwe kwa nini, na majibu yao yaandikwe kwa hiyo tenda.

Fundi wa redio,
Nakuru