Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: "Sina presha, kodi nimelipa"

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Barabara ya Cathedral,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Mwezi wa Machi nilipanda hadi ghorofa ya tano ya ploti moja hapa Huruma kumpima mama anayeuza nguo za watoto Gikomba. Nilimwacha aketi kwanza dakika tano, miguu sakafuni, mkono juu ya meza, bila kuzungumza, maana mtu akipimwa anahema baada ya kupandisha mtungi wa maji, namba hupanda na kutudanganya. Kisha nikamfunga mkanda. 178 kwa 104. Nikangoja kidogo, nikapima tena. 174 kwa 102.

"Mama, presha yako iko juu," nikamwambia.

Akanitazama kwa mshangao. "Presha? Mwezi huu sina presha. Kodi nimelipa, na karo ya mtoto nimemaliza."

Hakuwa akitania. Hapa Nairobi presha ni mwenye nyumba kugonga mlango tarehe tano. Presha ni mkopo wa simu, ni mtihani wa mtoto, ni bosi. Tunalitumia neno hilo kutwa kucha kwa maana hiyo. Basi miaka miwili nyuma, alipoambiwa kliniki kwamba ana presha, yeye alielewa kwamba ana mawazo mengi, na tembe alizopewa akazichukua kuwa dawa ya siku za mawazo. Alinionyesha. Zilikuwa kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, zimejaa. Alikuwa akimeza moja kodi ikikaribia, na mbili siku akigombana na mtu sokoni.

Mheshimiwa, huyu mama si mjinga. Anajua bei ya kila belo la mitumba na hesabu ya chama chake hukaa kichwani. Aliambiwa neno moja lenye maana mbili, na hakuna aliyesimama kumuuliza ameshika ipi.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale laki moja tuliokabidhiwa mabegi baada ya Rais kuzindua mpango huo Uhuru Park Septemba 2023. Nina nyumba karibu mia moja za kutembelea. Begi lenyewe nalishukuru kwa dhati. Lina mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto na mizani ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba karibu robo ya watu wazima nchini wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Sasa tunawapima, mlangoni kwao. Lakini mashine ikishalia na namba zikitokea, mtu huinua macho na kuuliza, "Sasa hiyo ni nini?" Jibu la swali hilo halimo ndani ya begi. Mafunzo niliyopitia yalikazia kupima, kujaza kwenye simu na kumtuma mgonjwa kituoni. Kueleza kulipita mbio, tena kwa Kiingereza.

Kwa hiyo nimejitengenezea maneno yangu. Huku kwetu maji huja kwa zamu, usiku, na yakija kwa nguvu bomba kuukuu hupasuka kwenye kiungio. Kila mtu amewahi kuliona hilo. Nawaambia mishipa yako ni mabomba, moyo ni pampu. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapoisukuma, namba ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Ikikaa kwenye 140 kwa 90 au zaidi, kila ukipimwa, mabomba yanachakaa ndani kwa ndani, bila kuuma. Kiungio kikipasuka au kuziba kichwani, hicho ndicho kiharusi. Kwenye figo, ndiyo safari ya kwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Na haijalishi kama leo umecheka au umelia. Hapo ndipo wengi hunyamaza, kisha huuliza maswali ambayo kumbe wamekaa nayo miaka.

Maswali yenyewe ungeyasikia, Mheshimiwa, ungejua kwamba watu wanafikiri. "Si ukianza hizo dawa zitakufunga, hutaziacha maisha?" Nawajibu kwamba kinachokaa maisha ni ugonjwa. Mwenye miwani hafungwi na miwani. "Mbona miguu imevimba tangu nianze hiyo tembe?" Amlodipini huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, jambo linalojulikana na ambalo daktari anaweza kulishughulikia. Lakini mtu asipoambiwa mapema, huona figo zimekufa, na hutupa dawa chooni. Mama mwingine wa sokoni aliacha kidonge kinachokojoza kwa sababu choo cha kulipia ni shilingi kumi kila mara, na akienda hakuna wa kumwangalizia kibanda. Hakuwa amemwambia nesi. Aliona aibu. Nilimsindikiza, daktari akambadilishia, na mambo yakatulia kwa mazungumzo ya dakika tatu.

Kuna pia kile kibahasha cha kaki. Sijui kama umekishika hivi karibuni. Ni kidogo kama kiganja, na juu yake mtoa dawa huandika kwa kalamu: 1x1, 1x2, 1x3. Mzee wa ghorofa ya pili, mwenye sukari, aliandikiwa 1x2. Alisoma kama alivyofundishwa shuleni: moja mara mbili ni mbili. Akawa anameza mbili kwa pamoja asubuhi, tumbo linamsokota, na jioni hamezi chochote. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Maandishi ndiyo yaliyomwacha gizani, na kituo kilichompa dawa hakikumweleza kwamba ni tembe moja asubuhi na nyingine jioni. Tena alikuwa ameacha kabisa sukari kwenye chai, akijipongeza, huku akila sima ya watu watatu na kushushia soda. Jina la ugonjwa ndilo lililompoteza: aliambiwa ana sukari, akaifukuza sukari.

Sasa linganisha na anayejua kueleza. Panda basi pale mjini jioni, foleni ikishika, utamwona kijana mwenye mkoba amesimama katikati ya viti. Anasalimia wazee kwa heshima. Anaeleza maumivu ya mgongo, ganzi ya miguu, presha, sukari, nguvu za kiume, kwa Kiswahili kitamu, pole pole, kwa mifano ya nyumbani. Kisha anatoa chupa ya mitishamba inayotibu yote hayo, shilingi mia mbili. Watu wananunua. Nimewakuta wagonjwa wangu na chupa hizo, tembe zimewekwa kando. Siwalaumu. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyewaeleza ugonjwa wao kwa lugha wanayoota nayo, na ukweli wenyewe umebaki ukutani kwenye bango la Kiingereza, juu ya kichwa cha mlinzi.

Usiniambie watu wetu hawafundishiki. Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na dawa za ARV zikaja kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Leo muulize hapa Huruma anayezimeza kwa nini anazimeza hata akiwa mzima. Atakwambia mwenyewe: virusi vimelala, nikiacha vitaamka. Hakuna daktari anayehitajika kumsaidia kujibu. Mtu aliyeishia darasa la nne anaelewa dawa ya kila siku, ya maisha, kwa ugonjwa asiousikia mwilini, kwa sababu kwa miaka mingi aliketishwa, akaelezwa, akarudiwa, akaulizwa ameelewa nini. Mgonjwa wa presha, ambaye hitaji lake ni hilo hilo, hupewa kibahasha na tarehe ya kurudi. Na kisa cha kwanza cha Korona kilipotangazwa tarehe 13 Machi 2020, haikupita muda kabla ya ndoo zenye mfereji kusimama kila kona na watoto kutufundisha kunawa. Tunaweza tukiamua.

Sheria nayo iko upande wetu. Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Pale Huruma inawezekana kila siku. Nesi mwenyewe huongea Kiswahili na wenzake wakinywa chai.

Ninachoomba si jengo. Naomba kwanza maneno. Keti na manesi, wahudumu kama mimi, walimu wa Kiswahili na wagonjwa wenyewe, mkubaliane tunavyotaja magonjwa haya ili yasichanganywe na shida za maisha. Mimi husema "presha ya damu" na "presha ya maisha", na naona inasaidia, ila huenda wapo wenye maneno bora Kayole au Kibera. Yakishapatikana, yaingie kwenye mafunzo yetu, kwenye simu tunazojazia, na redioni, asubuhi mama mboga anapopanga sukuma.

Pili, kibahasha. Tayari kinanunuliwa. Kichapishwe jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, nafasi ya kuandika idadi ya tembe chini ya kila picha, na mstari mmoja: "Meza hata ukijisikia mzima." Mstari huo ungemsaidia mama wa Gikomba miaka miwili mapema.

Na lile benchi. Siku ya kliniki ya presha na sukari watu hufika saa kumi na mbili asubuhi ili washike foleni, na wengi huonwa saa nne. Saa hizo zote wanaangaliana. Kliniki za wajawazito zimezoea kuwafundisha akina mama wakiwa kwenye foleni, na watoto wetu wamefaidi. Waleteeni hawa wengine dakika kumi na tano hizo hizo. Zungumzeni chumvi, kwamba Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu, ikiwemo ile iliyojificha kwenye viungo vya pakiti, soseji na chipsi za jioni. Kisha mwulizeni mmoja arudie kwa maneno yake. Hapo ndipo utajua kama mafunzo yameingia. Mimi hugundua makosa yangu mwenyewe hapo.

Yule mama nilimpima tena juzi. 138 kwa 86. Mkebe wa biskuti ameutoa juu ya kabati, sasa uko kando ya kopo la majani ya chai, maana chai haisahau. Kibahasha chake nilikiandika upya mimi mwenyewe kwa kalamu yangu, nikachora jua. Atachukua kingine mwezi ujao, pamoja na wagonjwa wengine kumi na wanne wa nyumba zangu. Kalamu ninayo, lakini nyumba ni mia moja, na wenzangu ni laki moja.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa afya ya jamii,
Huruma, Nairobi