Historia ya Jackie Robinson haijakamilika bila mdakaji Roy Campanella

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu habari za mchezaji ambaye kurasa zetu za michezo humpita kila mwaka bila kumtaja. Ifikapo tarehe 15 Aprili, wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani huvaa jezi namba 42 kumkumbuka Jackie Robinson, aliyeingia uwanjani siku kama hiyo mwaka 1947 akiwa na klabu ya Brooklyn Dodgers na kuuvunja mwiko uliowafungia watu weusi nje ya ligi hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Magazeti ya Kiswahili, la kwako likiwamo, huisimulia siku hiyo kwa heshima inayostahili, wala sina ugomvi na heshima hiyo. Ninachodai ni kwamba masimulizi yetu yamebaki nusu mpaka atajwe pia Roy Campanella, aliyejiunga na klabu hiyohiyo mwaka uliofuata, kwa sababu nafasi aliyoicheza ilimpa mtu mweusi kitu ambacho nafasi ya Robinson haikumpa, nacho ni mamlaka ya kuwaelekeza Wazungu kazini, mpira baada ya mpira, mbele ya maelfu ya watazamaji.

Wasomaji wa Uganda, ambako mchezo huu umekwisha kuota mizizi hata timu ya watoto ya Lugazi ikafika kwenye mashindano ya dunia huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, watanisamehe nikieleza wanayoyajua. Aliyezoea soka anaweza kudhani mdakaji ni golikipa wa besiboli, lakini wawili hao wanafanana glavu tu. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, uso wake umefunikwa kwa kinyago cha chuma na kifua kwa ngao, akimtazama mrushaji aliye umbali wa mita 18 na nusu hivi, na katika timu inayolinda ni yeye peke yake awaonaye wenzake wote wanane wakiwa mbele yake. Kabla ya kila mpira kurushwa, huficha vidole kati ya mapaja na kutoa ishara ya mpira anaoutaka: uje wa kasi au wa kupinda, uje juu karibu na kifua cha mpigaji au chini mahali ambapo gongo halifiki vizuri. Ili achague sawasawa hana budi kukumbuka udhaifu wa kila mpigaji, kuupima uchovu wa mrushaji wake, na kumchunga mkimbiaji anayenyemelea kituo cha pili kati ya vinne anavyopaswa kuvizunguka ili aandike pointi, ambaye akichomoka, mdakaji ana sekunde mbili hivi za kudaka, kuinuka na kuutupa mpira umbali wa karibu mita 39. Mpira wenyewe humjia kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 140 kwa saa, na ukiguswa kidogo tu na gongo humpiga yeye mabegani, mapajani na vidoleni.

Sasa mtu na ajiulize ilikuwa na maana gani, katika Marekani ya wakati ule, mtu mweusi kuchuchumaa pale na kumwagiza mrushaji wa Kizungu la kufanya. Jibu lilikwisha kutolewa tangu karne ya 19. Mwaka 1884 klabu ya Toledo ilikuwa na mdakaji mweusi, Moses Fleetwood Walker, msomi aliyepitia chuo cha Oberlin. Mrushaji wake mmoja, Tony Mullane, alikiri miaka mingi baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi, lakini kwa kuwa yeye hakuwapenda watu weusi, alikuwa akirusha mpira wowote alioutaka bila kuziangalia ishara zake. Kila mpira, basi, ulimfikia Walker bila yeye kujua unakuja wapi wala kwa namna gani. Baada ya msimu ule mlango wa ligi kuu ukafungwa, na haikuwapo sheria yoyote iliyoandikwa. Wenye klabu walielewana tu.

Campanella alizaliwa Philadelphia tarehe 19 Novemba 1921, baba yake akiwa mtoto wa wahamiaji kutoka Italia na mama yake Mmarekani mweusi. Alianza kucheza kwa malipo mwaka 1937, akiwa na miaka 15, katika ligi za watu weusi, na hapo alikutana na Biz Mackey, mdakaji mkongwe wa klabu ya Elite Giants, aliyemfundisha namna ya kusogeza miguu, kuutupa mpira bila kupoteza hatua, na kumtuliza mrushaji aliyechanganyikiwa. Chuo kile kilikuwa kigumu. Timu zilisafiri usiku kucha kwa basi, na Campanella mwenyewe alisimulia kuwa aliwahi kudaka mechi nne katika siku moja. Alipotia saini kandarasi na Dodgers mwaka 1946 alikuwa na uzoefu wa karibu miaka tisa, jambo linalosahauliwa na wale wanaoihesabu kazi yake kuanzia mwaka 1948.

  Na hata huko Dodgers hakupelekwa moja kwa moja ligi kuu. Kiongozi wa klabu, Branch Rickey, alimpeleka yeye na mrushaji Don Newcombe katika mji wa Nashua, jimbo la New Hampshire, baada ya timu nyingine ndogo kukataa kuwapokea. Siku moja ya Juni 1946 kocha wa Nashua, Walter Alston, alitolewa uwanjani na mwamuzi, naye akamkabidhi Campanella timu. Kijana mweusi wa miaka 24 akawa anaiongoza timu ya Wazungu katika besiboli rasmi ya Marekani. Akamwingiza Newcombe kuwa mpigaji wa akiba, naye akaupiga mpira ukavuka uzio, na Nashua ikashinda. Habari hii fupi ingetosha kuwa makala nzima katika gazeti lako.

Mwaka 1948 aliingia Brooklyn, akaondolewa kwa wiki chache kwenda timu ndogo ya St. Paul ili auvunje ubaguzi wa rangi katika ligi ya huko pia, kisha akarudi Julai na kukaa nyuma ya mpigaji kwa miaka kumi. Alichaguliwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mara tatu, mwaka 1951, 1953 na 1955. Katika msimu wa 1953 mapigo yake 41 yalivuka uzio na aliiingizia timu yake pointi 142. Wakimbiaji waliojaribu kuiba kituo mbele yake, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, walinaswa zaidi ya nusu, kiasi cha asilimia 57, na hilo ni jambo ambalo wadakaji wengi mahiri hawakulikaribia. Mwaka 1954 aliumia mkono wa kushoto, mfupa na mishipa ya fahamu vikadhurika, na wastani wake wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio yake ya kupiga iliyofanikiwa, ukaanguka hadi 0.207. Wapo waliosema amekwisha. Mwaka uliofuata alirudi na wastani wa 0.318.

Lakini kama msomaji ana nafasi ya kuikumbuka siku moja tu, na aikumbuke tarehe 4 Oktoba 1955. Dodgers walikuwa wamefika World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu, dhidi ya New York Yankees mara tano na kushindwa zote. Safari hii wamefika mechi ya saba na ya mwisho, katika uwanja wa Yankees wenyewe, na mrushaji ni Johnny Podres, kijana wa Kizungu aliyetimiza miaka 23 siku chache nyuma. Katika mechi ya tatu, ambayo Podres aliishinda, Campanella alimtumia sana mpira wa polepole unaomhadaa mpigaji. Katika mechi ya saba, vivuli vya alasiri viliporefuka uwanjani, mpira wa kasi ukapewa nafasi kubwa zaidi. Katika awamu ya nne kati ya tisa Campanella mwenyewe alipiga mpira uliomfikisha kituo cha pili, kisha akakimbia nyumbani, yaani kituo cha mwisho, kwa pigo la mwenzake Gil Hodges na kuandika pointi ya kwanza. Yankees hawakupata hata moja. Dodgers 2, Yankees 0, na Brooklyn ikapata ubingwa wake wa kwanza wa dunia. Ishara za Fleetwood Walker zilipuuzwa. Za Campanella zilileta ubingwa.

Najua wapo wanaomlaumu kwamba alikuwa mpole mno, na ni kweli kuwa yeye na Robinson walitofautiana, kwani Robinson aliusema ubaguzi waziwazi na Campanella hakupenda makabiliano. Namheshimu Robinson kwa ujasiri wake. Hata hivyo, naona ni dhuluma kumhesabu mtu kuwa hakupigania kitu wakati kila siku ya kazi yake ilikuwa ni kuwafanya Wazungu waiamini akili ya mtu mweusi na kuitegemea wakati wa shida.

Usiku wa tarehe 28 Januari 1958, akirudi nyumbani Glen Cove kutoka dukani kwake Harlem, gari lake liliteleza kwenye barafu, likagonga nguzo na kupinduka. Shingo ilivunjika, na hakutembea tena. Klabu ilikuwa ndiyo kwanza imehamia Los Angeles, kwa hiyo watu wa huko hawakuwahi kumwona akiichezea. Hata hivyo, tarehe 7 Mei 1959 watu 93,103 walijaa uwanja wa Coliseum kwa mechi ya kumuenzi. Mwaka 1969 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, mtu mweusi wa pili wa ligi kuu baada ya Robinson, na aliishi hadi tarehe 26 Juni 1993.

Katika miaka hiyo yote hakuacha kazi yake. Kila msimu wa mazoezi huko Vero Beach, Florida, alikaa katika kiti chake cha magurudumu na kuwafunza wadakaji chipukizi wa Dodgers yale aliyofunzwa na Mackey. Mmoja wao alikuwa Mike Scioscia, aliyeidakia klabu hiyo kuanzia 1980 hadi 1992 na kutwaa nayo ubingwa wa dunia mara mbili, mwaka 1981 na 1988.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Dar es Salaam